Jofrey amekubali kazi ya baba

Happy, kaka Jofrey amekubali. Tumeondoa matanga leo hapa Kilolo, na amekubali uinjilisti wa baba.

Mchungaji alimuuliza mbele ya watu wote, "Jofrey, utashika kazi ya marehemu?" Alikuwa analia, akaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu, na watu wakaanza kuimba.

Usharika ulimlipa baba mahindi ya mavuno tu. Jofrey ni nesi Mbeya, ana mshahara na bima, na bima hiyo ndiyo inayolipia mama kusafishwa figo kwa mashine kila wiki.

 Kabla wimbo haujaisha, Jofrey akamvuta mama pembeni. "Mama, nikiacha unesi bima inakwisha."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwomba mchungaji akuulize. Nimechoka na ile mashine."