Wale Kasa Uliowazima, Mama

Mpendwa Mama,

Bado nimekukasirikia. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa.

Nilipokununulia ile filamu ya kasa kwenye fleshi mjini Kisii, muuzaji alisema inafaa familia nzima. Familia nzima haikuwahi kuiona ikiisha. Wewe ndiye uliyetuzuia, pale sebuleni kwako Keumbu, kila Jumapili baada ya kanisa.

Kwanza uligombana na mtangazaji. Ulimjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuwa wa kwetu. Kasa alipofukia mayai yake na kurudi baharini, ukapiga kelele: "Wewe! Watoto unaachia nani? Hata haigeuki kuangalia!" Nikakueleza kwamba kasa ndivyo walivyo. Ukaniambia ninyamaze, unasikiliza.

Watoto wa kasa walipochomoza mchangani, ukawapa majina ya marehemu wetu, kama tunavyowapa watoto wetu. Wa mbele, mwenye haraka, akawa babu Ombati. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, aliyekwama kwenye shimo, ukamwita Nyaboke, mdogo wangu tuliyemzika kabla hajajua kutembea.

Halafu ndege mweupe akatua. "Yaya! Hapana! Zima hiyo kitu!" Hukungoja nizime. Ulichomoa fleshi mwenyewe ukaifunga kwenye pindo la leso, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Jumapili iliyofuata ukatuwekea tena tangu mwanzo, ukazima pale pale.

Kilichonichosha zaidi ni maswali. Tunachuma majani chai, unauliza, "Nyaboke alifika kwa maji?" Ninamenya ndizi, unauliza tena. Hata hospitalini, ukiwa huna nguvu ya kushika kikombe, uliuliza. Ningejulia wapi, na fleshi iko kwenye leso yako?

Ulipofariki, ile leso nilipewa mimi, pamoja na fundo lake. Sikuwa na moyo wa kulifungua hadi Jumapili iliyopita. Nikaichomeka fleshi, nikaketi na binti yangu, aliyezaliwa baada yako akachukua jina lako. Nyumbani tunamwita Mama, kwa hiyo nagombezwa na wewe hadi leo. Ndege alipotua, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye rimoti.

"Wacha tuone," akasema huyu Mama mdogo.

Tukaona. Sitakudanganya, ndege alichukua wengine. Babu Ombati hakufika, na haraka yake yote. Lakini yule wa mwisho alitoka shimoni, akabiringika, akatambaa tena, wimbi likaja likamchukua.

Nililia kwa hasira. Ilikuwa imebaki kidogo tu, Mama! Jumapili zote zile, na ile siku ya hospitalini, jibu ulikuwa umelifunga mwenyewe kwenye leso.

Pumzika sasa, usiniulize tena. Nyaboke alifika.

Ni mimi,
binti yako uliyebaki naye