Nilimpisha Baba Mkwe na Mpira Wake

Kitwe, wakati wa baridi

Baba yangu, shikamoo. Mama, shikamoo na wewe.

Naanza na goti lako Baba, maana dereva wa lori la mchele aliniambia alipopita Iyula alikukuta umekaa juani asubuhi, mguu umeunyoosha juu ya kigoda. Je, ile dawa ya kuchua bado ipo au imeisha? Na kahawa mmeanza kuchuma, au bado mbichi? Mimi huku mwili wangu mzima. Nakohoa kidogo, lakini ni vumbi la unga tu, Mama usianze kuhangaika. Ugali wanauita nshima, mlaini kuliko wetu, lakini mboga wanapika vizuri.

Agnesi mdogo wangu, wewe unayewasomea, soma polepole, usiruke mahali hata ukiona ni pa aibu.

Baba, uliniuliza kama ni kweli mtoto wako mzima analishwa kwa kupiga mpira na fimbo. Ni kweli nusu. Kazi yangu ni magunia, kwenye kiwanda cha unga. Ila tajiri wa kiwanda ana timu ya mpira wa magongo. Mwanzoni nilikuwa nafyeka majani ya uwanja wao. Siku wakipungukiwa mtu wa mazoezi wananipa gongo nisimame nyuma, nizuie. Gongo lenyewe kama mkongojo uliogeuzwa, kichwa chini, na lina upande mmoja tu wa kupigia. Mpira ni mdogo, mgumu kama jiwe la mtoni. Mtu humgusi mwili, unamnyang'anya mpira tu. Kumbe nilikuwa naweza. Sijui nilijulia wapi, labda kuswaga ng'ombe wasiingie kwenye mahindi ya watu. Wakaniweka kwenye kikosi, nikawa beki. Wananiita Tanzania.

Sasa mwaka huu wakataka kunifunga kwa mkataba. Hapo ndipo habari ilipo.

Waliniita ofisini, meneja wa kiwanda Bwana Phiri na kocha wetu Bwana Banda. Wakanikalisha kwenye benchi wakaanza kunizungumzia. Hawa watu wanafikiri mtu asiyesema basi hata kusikia hasikii, na Kibemba chao nimeshakishika. Meneja anataka kujua mimi nitakuwa nani miaka mitano mbele. Maana mkataba anaoutaka ni wa miaka mitano, na mshahara ukipangwa leo ni huo huo mpaka mwisho. Nikiwa mchezaji mkubwa, faida yake. Nikivunjika mguu, hasara yake. Akachora mstari kwa chaki ubaoni, unapanda, akasema huyu leo yuko hapa, kesho kutwa yuko hapa.

Baba, nilikumbuka wale wanaopita kwetu kununua kahawa ikiwa bado maua. Mwaka ule uliowauzia, mavuno yalikuja mazuri, wewe ukasimama uani unaangalia magunia yako yanapakiwa na watu wengine. Ulisema anayenunua maua hanunui kahawa, ananunua shida ya mwenye shamba. Sasa nilikuwa mimi ndiye maua.

Wakauliza umri. Nikasema Mama alinizaa mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada wa njaa. Kocha akapiga hesabu kwa vidole. Meneja akasema labda mahindi hayo yalichelewa kufika milimani kwenu. Kila mwaka waliouondoa kwangu bei ilipanda. Nikawaambia nina mtoto anayetembea, ndipo wakaacha. Halafu, Mama unisamehe, wakauliza urefu wako. Nikasema ukiingia jikoni unainama. Meneja akafurahi kweli, akaandika. Nilijiona kama ndama mnadani, lakini sikukasirika. Hata sisi tukinunua ndama tunamwangalia mama yake.

Wakasema wataniona kwenye mechi mbili, dhidi ya timu ya karakana ya malori ya upande wa pili wa mji, halafu ndipo waseme bei. Na chumba cha kiwanda wanapewa wa kikosi cha kwanza tu. Mimi hicho chumba ndicho nilichokitaka, nimlete Eliza na mtoto. Mke wangu ameishi kwenu muda mrefu kuliko alivyoishi na mimi.

Mechi ya kwanza ikafika. Tunasalimiana mikono na wale wa karakana, namwona mtu mmoja mwenye mvi za pembeni. Baba, ni yule mdogo wake baba mkwe wangu. Yule aliyekuja na koti la kijivu siku mliyopeleka ng'ombe wa mahari Ihanda, akawapapasa migongo mmoja mmoja kabla ya kukubali. Tulijua tu kwamba alivuka Tunduma siku nyingi na anaishi huku Zambia. Kwamba anacheza magongo, nani angejua. Mkono sikumpa. Niliinama, nikaruka kwa mwingine. Na yeye akaangalia pembeni, kama inavyotakiwa.

Unajua kwa wakwe zangu wanavyoshika mambo haya. Baba mkwe humgusi. Ukikutana naye njiani unatoka njiani mpaka apite, na baba mdogo ni baba yule yule.

Kipindi cha pili akaja na mpira moja kwa moja upande wangu, kichwa chini. Mguu wangu ulishatangulia kwenda kumkabili. Akainua uso. Baba, mimi sikufikiri kitu, miguu yenyewe ilitoka njiani. Nikasimama pembeni, gongo nimelificha nyuma ya mgongo, macho chini. Akapita. Nikasikia mpira umegonga ubao wa goli.

Tulifungwa hilo moja. Kipa wetu ana maneno yule kijana. Akaniambia, "Iwe Tanzania," yaani wewe, "ungemfagilia na njia basi." Mwingine akauliza kama kwetu mgeni akija anapewa na goli. Wiki nzima nikija na gunia mlangoni wananipisha, wameinama, mikono nyuma. Mimi nacheka nao, nifanye nini.

Kocha hakucheka. Alinikuta naosha miguu bombani.

"Unaogopa gongo?"

"Siogopi."

"Unaogopa mtu?"

Nikaona nikinyamaza hapa nimepotea. Nikasema, "Yule ni baba mkwe wangu."

"Amemzaa mkeo?"

"Ni mdogo wake aliyemzaa."

Kocha akavua kofia akajikuna. "Mimi mama mkwe wangu akiingia chumbani nilimo natafuta dirisha," akasema. "Lakini meneja nimwambie nini? Kwenye hesabu yake hakuna mkwe."

Na kweli, meneja alishachora mstari mwingine, chini ya ule wa kwanza. Alisema mwili wangu utakua, lakini woga haukui wala haupungui. Kama mechi ya pili itakuwa vile vile, nitapewa mitano ya kukaa akiba, mshahara wa mbeba magunia, bila chumba.

Sokoni hapa yuko mama mmoja wa Tunduma, anauza mchele wa Kamsamba, tunamwita Mama Neema. Yeye na baba mkwe mdogo wote ni Wanamwanga, kabila moja, anaweza kumfikia. Nilinunua kuku jike nikamtuma kwa heshima zote, amwombe huyo mzee aniruhusu uwanjani nimkabili kama mtu baki. Alirudi akasema kuku amepokelewa, ila jibu hakupewa. Halafu akanivuta pembeni ya magunia yake.

"Mwanangu, nikuambie ukweli," akasema. "Walikuwa wanamwacha yule. Miguu imechoka, mkataba umeisha. Goli lile ulilompa ndilo lililofanya wamwongezee mkataba mpaka mwisho wa msimu. Goli hilo ndilo linalomlisha na wanawe."

Baba, hapo nilichoka. Nilikuwa nafikiri ni jambo la heshima tu, la kuomba ruhusa likaisha. Kumbe nikimpisha tena, yeye anakula na mimi narudi kwenye magunia. Nisipompisha, nitapata chumba na yeye anaachwa. Meneja wangu ananipimia miaka ijayo, na meneja wake naye anampimia iliyobaki, na wote wanaangalia mpira ule ule. Ningekuwa karibu ningekuja kukuuliza. Nilimuuliza kocha. Alisema hawezi kuniamulia, ila alinipa neno moja, nikikabili nisiangalie uso, niangalie mpira, mpira hauna ukoo.

Siku ya mechi ya pili alikuja tena upande wangu. Nafikiri alichagua. Labda alisema huyu kijana ni mkwe, mlango uko wazi. Au labda alitaka nimzuie, mpaka leo sijui. Sikuinua macho. Niliona mpira, niliona kichwa cha gongo lake, nikachomoa. Uwanja ukapiga kelele. Akarudi tena, nikamnyang'anya tena. Baadaye alijaribu kunizunguka kwa nje, mguu ukamkatalia, akaanguka magoti. Nikatupa gongo nimwinue, nikakumbuka simgusi, nikabaki nimesimama mikono imening'inia. Refa akaja mbio kutafuta kosa, kosa hakuliona.

Akainuka mwenyewe, akajipangusa. Wakamtoa. Wakati anatoka alipita pale nilipo, sasa hana mpira. Nikasogea nikampisha, nikainamisha kichwa.

Tulishinda. Meneja aliniita akiwa na uso mwingine kabisa, mstari ameupandisha mpaka karibu unatoka ubaoni. Mitano, mshahara mzuri, chumba, na taa ya umeme ndani. Kalamu ilikuwa tayari mezani. Nikaomba kwanza nifikirie, akashangaa, akanipa siku chache.

Ndani ya siku hizo Mama Neema akaja mpaka getini kiwandani. Timu ya karakana imemwacha yule mzee, hawakungoja hata msimu uishe. Sasa anaosha vyuma vya magari kwa kibarua, siku kazi ikiwepo. Lakini alituma maneno, na Agnesi haya uyasome vizuri. Alisema, "Mwambieni mkwe kuku wake nimemla, hakuna kinyongo. Alivyofanya ndivyo ilivyotakiwa. Ila mimi nilisaini mitano nikiwa kijana kama yeye, nikasaini mingine mitano, nikadhani mguu ni shamba."

Nilikaa na neno hilo. Meneja anaona vizuri, simlaumu, kazi yake ni kuona mstari unavyopanda. Mimi nilikuwa nimeona unakoshukia. Nilimwona yule mzee kapiga magoti mbele yangu.

Nikarudi ofisini. Baba, unanijua mimi na kusema mbele za watu. Maneno niliyaandaa njiani, nikifika pale yakaisha yote yakabaki machache tu. Nikasema, "Mitatu. Na mnifundishe mashine ya kusaga."

Meneja akaniuliza nani kanituma. Nikasema hakuna. Akasema mashine ni ya mafundi, mimi ni mchezaji. Nikarudia yale yale, mitatu na mashine. Kocha akakohoa, akasema hata mchezaji akiumia kidole anaweza kukaa kwenye mashine, asikae bure. Meneja akageukia ubao wake. Akafuta kipande cha mstari kwa kiganja. Mshahara akaushusha kidogo, chumba akakiacha. Asubuhi nasimama na fundi, ananionyesha mikanda na mawe ya kusagia, mchana nakimbia uwanjani. Nimeandika jina langu mwenyewe, herufi zote.

Sasa Baba, nakuomba jambo kubwa. Goti likikuruhusu, au ukimtuma baba mkubwa, mwende Ihanda kwa wakwe zangu mapema, kabla watu wa malori hawajafikisha habari kwa mdomo wao. Mchukue mbuzi, yule jike niliyeachiwa na babu. Mseme kijana wenu amemnyang'anya mkubwa mpira mbele ya watu mara mbili, na mkubwa akaanguka, na kijana hakumgusa. Msijitetee sana. Wakitaka faini wataje, nitatuma. Mkishamaliza hilo, ndipo muwaombe ruhusa Eliza na mtoto watoke kwenu waje huku. Wakikataa kwa sasa, msigombane nao. Chumba kipo, nimeshaweka mkeka.

Na kuna moja la mwisho, mliulize taratibu. Kiwanda kinatupa mfuko wa unga kila mwezi, na mimi niko peke yangu. Muwaulize wazee kama mkwe anaruhusiwa kumpelekea huyu baba mkwe wa huku unga bila kuitwa, au ni kumdharau. Wakisema ni kumdharau nitaacha. Lakini Baba, omba waseme inaruhusiwa.

Nisalimieni baba mkubwa, nimesikia amepona jicho. Shangazi wa Ihanda, mwambieni bado nasali, ingawa kanisa la huku wanaimba kwa kucheza mpaka natoka jasho. Bibi mkaaji wa chumba cha nyuma mumpigie kelele sikioni, aelewe salamu ni zangu mimi na si za marehemu babu. Eliza asomewe barua hii peke yake, mahali tulivu, na mumwambie baba yake mdogo anatembea, ana nguvu, hakuumia. Mtoto mumbebe kwa niaba yangu.

Ni mimi kijana wenu wa pili, niliye mbali lakini ninayewasikiliza,

Lameki