Tumeombewa Mpaka Siri Zikaisha

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa huu,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie, maana mimi ni kinyozi na pia ni mzee wa kanisa, na kati ya kazi hizo mbili ninayoiweza ni kunyoa. Kanisani kwetu yuko mama tunayemwita Dada Maombi, ndiye anayeongoza sala, na tatizo lake, Shangazi, ukimwambia jambo lako jikoni Jumanne, Jumapili anamwambia Mungu kwa kipaza sauti, nawe umefumba macho huna la kusema, kwa sababu nani atamkatiza mtu anayeongea na Mungu? Fundi wa redio aliombewa mpaka mkewe akajua alikokuwa akilala. Tulicheka, kwa kuwa hayakuwa yetu.

Sasa yamekuwa yangu. Mke wa mwanangu, ninayekaa naye nyumbani, alimnong'oneza Dada Maombi kwamba anatibiwa ili apate mtoto, na Jumapili tukasikia: "Ee Bwana, lifungue tumbo la binti yetu pale kwa kinyozi, na mumewe umlainishe moyo akapimwe, maana anakataa!" Kanisa zima likaitikia Amina. Mkwe wangu akachukua mkoba wake akatoka, na kanisani hajarudi. Ananiambia, "Baba, nyinyi wazee mnamwogopa yule mama kuliko mnavyomwogopa Mungu. Siku mtakayomwambia ukweli, nitarudi." Naye anaipenda kwaya, Shangazi. Jumapili namwacha akiosha vyombo huku anaimba sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza.

Tukakaa baraza la wazee. Mchungaji akasema, "Ndugu, hili tuliombee." Mhazini akauliza, "Ataomba nani?" Mwingine akasema tukimgusa Dada Maombi atahama, kama yule mpiga kinanda ambaye kosa lake tulilitangaza mbele ya watu, akahamia kanisa la jirani, na sasa anatupigia kupitia ukutani. Mwisho Mchungaji akahubiri juu ya ulimi bila kumtaja mtu, jasho likamtoka. Dada Maombi akaitikia Amina kushinda wote, kisha akamngoja mlangoni: "Mchungaji, leo umewapata! Hao nitawaombea mmoja mmoja."

Basi wazee wamesema niende mimi, ati ni mpole. Lakini mke wangu alipougua, mama huyu ndiye aliyekuwa akija kumwosha, na alimchana nywele mpaka asubuhi ile ya mwisho, taratibu, akianzia nchani ili zisimvute. Sijui nani mwingine angekumbuka kuanzia nchani. Nitafunguaje kinywa mbele yake? Au nimhamishie mkwe wangu kanisa jingine, yaishe?

Kinyozi

*

Baba Kinyozi,

Pole sana kwa mkeo. Sasa kaa vizuri, leo nakunyoa mimi.

Hilo baraza lenu halina upole, lina woga uliovaa tai. Angekosea msichana asiye na ndugu, mngeshamkalisha benchi la nyuma wala msingehitaji kuliombea. Mnadhani kumrudi mtu ni kumtangaza, kwa sababu mpiga kinanda mlimtangaza kabla hata mmoja wenu hajagonga mlango wake. Mlianzia mwisho, na sasa mnaogopa hata mwanzo. Mahubiri yale nayo yalikuwa jiwe la gizani, na mnaona lilikoangukia.

Unasema alimchana mkeo nywele. Ndiyo sababu uende wewe. Ni nani mwingine atamwambia, naye ajue kwamba hachukiwi? Na mkwe wako usimhamishe. Aliyekosewa ndiye ahame?

Nenda mchana, peke yako. Akisema, "Tuanze kwa sala," jibu, "Tutamalizia kwa sala, dada." Hapo usilegee! Mshukuru kwa ajili ya mkeo, na shukrani hizo zitoke zote kwanza, usizifanye asali ya kumezea dawa. Kisha mwambie waziwazi kwamba alitangaza siri ya mkwe wako, na binti wa watu amekosa kanisa kwa sababu hiyo. Usiseme "watu wanasema." Sema "mimi nasema." Halafu nyamaza. Atalia, au atawaka, au vyote viwili. Wewe umezoea kushika wembe mtu akijitikisa, subiri atulie.

Mwombe aje kwako amtake radhi mkweo uso kwa uso, na Jumapili akiri mbele ya kanisa kwamba alikosa, bila kurudia alichosema. Hilo la mwisho lisisitize. Akikataa, rudi na wazee wawili, na mmoja awe huyo mhazini mwenye maswali. Akikataa tena, Mchungaji ampumzishe kuongoza sala mpaka atakapolitengeneza kosa lake, lakini kiti chake kibaki na muendelee kumtembelea. Huenda akahama, sikudanganyi. Ila yuko mtu ambaye tayari mmempoteza kwa kunyamaza, na anaimba juu ya vyombo.

Na huyo mwanao aende akapimwe! Aibu ya kutangazwa haijamponya ukaidi.

Usingoje moyo utulie, Baba. Nenda wiki hii. Mkishapatana, mtamalizia kwa sala kama ulivyomwahidi, na hapo nami mnikumbuke. Kwa jina tu, bila maelezo.

Shangazi