Hirizi Chini ya Boneti

Kikoneni, 9 Julai 1965

Kwako mume wangu Rai,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mbuzi wako mweusi amezaa mapacha.

Uliniandikia niiuze pikapu kama chuma chakavu, kwa kuwa injini inanguruma hata isipokanyagwa mafuta. Sikuiuza. Fundi Nzioka alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, ngurumo ikawa ile ile. Nikamwuliza mbona haigusi hirizi uliyoifunga chini ya boneti kukinga husuda. Akasema, "Mama, hirizi ya mtu haifunguliwi na mgeni."

Mimi si mgeni. Ile kamba yake ya ngozi ililowa wakati wa masika, ikakaushwa na joto la injini, ikasinyaa, ikawa inauvuta mkono wa kabureta unaoongeza mafuta. Nikasema bismillahi, nikaikata. Ngurumo ikashuka, injini ikatulia, hata nikawasikia kuku wakiparua uani. Nzioka akavua kofia.

Jana niliiendesha mwenyewe hadi sokoni Kombani, na magunia tisa ya mihogo.

Hirizi nimeitundika upande wako wa kitanda, ambao una miezi kumi na minne haujalaliwa. Siku utakayokuja, shukia Kombani, nitakufuata kwa pikapu. Utakaa upande wa abiria.

Mimi mkeo,
Kanze