Usizike Yago Jumamosi

Jericho, Jumanne

Kwako kaka Sylvance,

Pokea salamu zetu za huku Jericho. Natumaini wewe na wifi Clare hamjambo, na kwamba goti lako limepoa. Mama ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nina hasira, na ninaandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Ulimwambia Mama kwamba kitabu changu kimefumbua fumbo la Agosti 1982: kwamba Baba, akitoka kazini reli siku zile za fujo za mapinduzi yaliyoshindwa, alipigwa risasi Barabara ya Jogoo. Ukamwambia Jumamosi mtazika yago, lile tunda tunalozika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana, na kwamba Mama atanyolewa kama mjane. Kaka, jalada limeandikwa RIWAYA. Nimeripoti habari miaka thelathini. Nikiwa na ushahidi ninaupeleka gazetini. Risasi ile niliitunga mezani kwangu nikinywa chai.

Hukumwona Mama baada ya simu yako. Miaka yote hii amekataa kuitwa mjane. Majirani wakimtania, huwajibu kuwa mume wake amepotea, wa kwao wanaijua njia na bado hawarudi. Tangu Jumapili ameniuliza mara tatu kama Baba aliumia sana. Ameuliza ni nani aliyemfumba macho. Nikaenda kuosha vyombo.

Sasa sikiliza. Mwaka 2004 nilitumwa mtaa wa Tena, si mbali na hapa, kuandika kuhusu ukosefu wa maji. Nikabisha lango moja, akafungua Baba. Hakutekwa na mtu. Alihama. Alikuwa na mke, Nthoki, na mabinti wawili. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akaniomba nisimwambie Mama, nami nikakubali kama mjinga. Alifariki 2013, akazikwa kwa kina Nthoki, Machakos, na udongo niliutupa kwa mkono wangu. Katika kitabu nilimuua mapema kwa sababu sikuweza kumsamehe, na kwa sababu maiti haimwaibishi mke wake.

Huwezi kumzikia yago mtu mwenye kaburi. Wewe ndiwe mkubwa, unajua jambo hilo linaleta laana gani bomani. Simamisha kila kitu. Frankline, yule kijana wa jirani, anakuletea barua hii kesho asubuhi. Utakapoisoma, Mama atakuwa ameshaambiwa. Yuko hapa mezani, nimemwomba azime redio.

Wasalimie watoto na wazee wote wa nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Jacklyne Aloo