Miche ya Ukuta wa Baba Chiriku

4 Februari

Mpenzi Baba Chiriku,

Pokea salamu zetu. Hatujambo, mafua ya mtoto yamekwisha, sasa ni maneno tu kutwa nzima. Jina ulilompa limemkaa. Mgongo wako unasemaje?

Ule ukuta uliojenga nyuma ya nyumba kuzuia udongo usituporomokee uko imara. Ila ni saruji tupu, na dirisha la jikoni linautazama. Nikiosha vyombo tunatazamana tu kama watu waliogombana. Basi nimeamua niufunike kwa mimea, ukirudi mwezi wa sita uukute kijani. Nimeshaanza. Yale matundu uliyoacha nimeyajaza udongo, nikapachika miche. Kweli mume wangu unaona mbali.

Unakuja tarehe ngapi?

Mkeo, Mama Chiriku

20 Februari

Mama Chiriku, mke wangu,

Salamu zimefika. Mgongo upo, unalalamika kama mwenye nyumba.

Nimecheka mpaka mafundi wenzangu wakadhani nimepata urithi. Yale si matundu ya maua, ni ya maji. Mvua ikinyesha, maji yanayojaa nyuma ya ukuta hutokea hapo. Ukiyaziba, ukuta utatoa tumbo, na mkiwa chini yake atawazoa nani? Zibua leo hii, tumia kile kipande cha nondo kilicho nyuma ya mlango. Mmea wa kuning'inia hupandwa juu, kwenye ukingo, ukashuka wenyewe.

Mbusu mtoto.

Mumeo, Baba Chiriku

9 Machi

Mpenzi Baba Chiriku,

Hatujambo, sijui wewe. Nimezibua matundu yote kumi na moja, mkono umeota malengelenge. Mama muuza miche kanicheka: "Shoga, kupanda maua kwenye bomba nimekuona wewe tu."

Anazo aina mbili za mmea wa kuning'inia. Mmoja una majani ya zambarau, miezi mitatu umefunika kila kitu, lakini kiangazi kikija unakauka. Wa pili una vijani vinene vidogo, unatambaa kama kobe. Anasema unataka miaka miwili, ila ukishashika umeshika. Mimi nautaka wa haraka, ili uukute. Wewe wasemaje?

Matundu umeyaeleza vizuri sana. Tarehe hukuigusa.

Mkeo, Mama Chiriku

30 Aprili

Mama Chiriku,

Natumaini hamjambo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Panda ule wa polepole.

Mumeo

12 Mei

Mpenzi Baba Chiriku,

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa. Mtu anayerudi mwezi wa sita hamchagulii mkewe mmea wa miaka miwili. Wamekuongezea mkataba huko kazini, na wewe umetia sahihi. Ungeniambia tu. Sikukasirika. Au nimekasirika, lakini ni hasira ya kukosa wa kumnunia, maana hata kununa kunataka wawili.

Nimeupanda huo wa polepole, ukingo mzima, miche ishirini. Mtoto alinishikia kopo la maji, akamwaga lote kwenye miguu yake. Muuza miche aliniuliza mbona sichukui wa zambarau niliousifia. Nikamwambia baba watoto ndiye fundi, anajua muda wa vitu.

Jana mmoja ulikuwa umeshuka urefu wa ukucha. Tarehe sikuulizi tena, nimechoka kukutia kwenye kona. Wewe ndiye uniulize mmea umefika wapi, hata mara moja kwa mwezi. Uliza tu. Nitapima kabla ya kukujibu.

Mkeo, Mama Chiriku