Kadi ya Mai Nyirongo

Ofisi ya Kanisa,
Mzuzu.
Jumatano, 9 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Wezi,

Kabla hujaendelea kusoma, funga mlango. Haya yabaki kwako peke yako. Hata shemeji asiyaone mpaka Jumapili ipite. Barua nampa Khumbo mkononi, maana kesho anapanda basi la huko Johannesburg. Simu siiamini. Hapa ujumbe wa mtu husomwa na kwaya nzima.

Hamjambo lakini? Mguu wako umepona? Mtoto ameshaota meno? Mama anakula vizuri, ila presha humsumbua kukiwa na baridi. Mimi mwili hauna shida.

Unamkumbuka Mai Nyirongo, yule mjane aliyetufundisha shule ya Jumapili. Mwezi uliopita aliwaonyesha vijana filamu ukumbini, na si ya kikanisa. Mwanamume anauza shamba la mama yake, anazinywa fedha zote, kisha anarudi na kumkuta mama amepofuka, naye anaona haya kujitaja. Mna pombe, mna mganga, mna matusi. Ilipokwisha, Mai hakuhubiri. Aliuliza tu, "Wewe ungekuwa yule, ungejitaja?" Vijana walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga.

Jana baraza la wazee lilimwita. Mimi karani nilikaa pembeni nikiandika. Bambo Gondwe, mzee wa kanisa, alikuja na bango la filamu ile, lenye mwanamke aliyeshika chupa.

"Umeitazama, Bambo?" Mai akamwuliza.

"Sihitaji kuingia chooni ili nijue kinanuka."

Wazee wakacheka mpaka meza ikatikisika. Mai akangoja wanyamaze.

"Mwanao Limbani alikaa mle chooni kwa saa mbili, akatoka, akaja kukupigia magoti. Siku hiyo mbona hukuziba pua?"

Nadhani hapo ndipo alipohukumiwa. Dada, wazee tisa, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Walihukumu bango! Watu haohao kila mwaka hutuhubiria habari za kijana aliyetapanya mali ya baba yake kwa makahaba, na hatuambiwi tuzibe masikio. Bwana wetu alisimulia habari za wezi na mawakili wadanganyifu bila kuomba kibali cha baraza. Sisemi kila filamu ni njema. Ziko nilizozizima katikati. Lakini anayetaka kupepeta lazima afumbue macho, na wao waliyafumba kwa makusudi.

Kisha mwenyekiti akauliza ni nani aliyetoa ufunguo wa kabati la projekta.

Ni mimi. Hata filamu niliichagua mimi, baada ya kuitazama mara tatu chumbani kwangu. Mai alinitazama mara moja tu, akasema, "Andika jina langu, mwanangu."

Nikaandika.

Ametengwa na Meza ya Bwana mwaka mzima. Kadi yake ya ushirika, ambayo nimeigonga muhuri miaka yote hii, niliamriwa niitoe sandukuni. Imo mfukoni mwangu ninapoandika. Na msoma matangazo ni mimi. Jumapili nitasimama mbele ya watu wote nisome kosa langu kwa jina lake. Nyumba tunayolala mimi na Mama ni ya kanisa, kwa hiyo unajua ninachoogopa.

Tangazo hilo nimeliandika mara nne nikalichana. La tano lina majina mawili. Sijalichana.

Nisalimie shemeji, mtoto Tionge, na Mjomba Zgambo ukimwona. Mungu awalinde huko ugenini, awape na kazi isiyowafunga mdomo.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikitetemeka,
Wongani Chirwa

Nyongeza: Usijibu kwa sanduku la posta la kanisa wala usipige simu ya ofisi, maana kuanzia Jumatatu atapokea mtu mwingine. Andika kwa Mai Nyirongo, nyumba ya bati jekundu nyuma ya soko anakouzia usipa, wale dagaa wa ziwani. Nitampeleka Mama kwake, kama atatufungulia. Na juu ya bahasha andika jina langu lote.